Kiwanja Pembezoni mwa Makao Makuu: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Morogoro, ukapita Ihumwa na Mtumba kuelekea Chamwino, vibao vya viwanja vinavyouzwa vinakusindikiza njia nzima. Ukishika njia ya Arusha kupitia Msalato na Veyula, au njia ya Singida kupitia Nala, hali ni ile ile. Mashamba yaliyokuwa yakilimwa uwele, mtama na karanga yamekatwa vipande, na kila kipande kina mtu anayekisemea kwa simu: njoo leo, vimebaki viwili, wiki ijayo bei inapanda.

Makala hii inawahusu watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyejikusanyia akiba, awe mtumishi aliyehamishiwa Dodoma, mfanyabiashara, au Mtanzania aliyeko Muscat au London, anayetaka kiwanja kabla hakijamshinda bei. Wa pili ni mwenye shamba, mara nyingi Mgogo aliyezaliwa pale pale, ambaye madalali wanambishia hodi kila wiki wakimtaka auze. Wote wawili nawaambia neno moja: pembezoni mwa mji mkuu unaokua, kinachofilisi familia ni haraka kuliko bei. Kiwanja cha bei kubwa unaweza kukilipia na ukajenga, ukaishi. Kiwanja ulicholipia kwa haraka unaweza kukikuta kina mwenyewe, kiko kwenye hifadhi ya barabara, au kimepangiwa shule.

Kwa nini bei zinakimbia

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Kwa zaidi ya miaka arobaini mji ulikua polepole. Bunge lilikuwapo, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007, lakini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Mambo yaligeuka Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali itahamia Dodoma, na safari hiyo ikahamia kweli. Mei 2017 CDA ikavunjwa na majukumu yake yakapelekwa kwa manispaa. Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na mwaka huo huo sheria ya kuitambua kuwa makao makuu ikapitishwa. Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba.

Sensa inaonyesha mabadiliko hayo. Mwaka 2012 eneo la Dodoma Mjini lilikuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 jiji lilihesabiwa kuwa na watu 765,179. Ongeza hapo barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Msalato, na reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Kila mradi mmoja ukitajwa, bei ya ardhi ya jirani hupanda kabla tingatinga halijafika.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Bei hupanda siku ya tangazo, lakini maji, umeme na barabara huja kwa bajeti, na bajeti huchukua miaka. Katikati ya tangazo na huduma kuna kipindi kirefu ambacho ardhi inauzwa kwa matumaini, na anayenunua kipindi hicho ndiye anayebeba hatari yote. Dar es Salaam ina somo lake. Mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni ulipotangazwa mwaka 2008, wakazi walizuiwa kuendeleza maeneo yao kwa miaka kadhaa wakisubiri mradi, kisha eneo la mradi likaja kupunguzwa. Kuwa karibu na mradi mkubwa si lazima kuwe neema. Pengine ni kuwa ndani ya eneo litakalotwaliwa.

Shamba linavyogeuka kiwanja

Ni vizuri kujua faida inavyotengenezwa, maana ukiijua utajua unalipia nini. Dalali au kampuni hununua kwa ekari na kuuza kwa mita. Ekari moja ni takribani mita za mraba 4,047. Kama eneo litapangwa na kupimwa kisheria, sehemu yake lazima iende kwenye barabara, maeneo ya wazi na huduma za jamii. Ukitenga theluthi moja kwa hayo, zinabaki mita za mraba kama 2,700, ambazo ni viwanja sita hivi vya mita 450. Lakini mtu asiyejali mipango anaikata ekari hiyo hiyo vipande vya ishirini kwa ishirini, anapata kumi, na hakuna hata kimoja chenye njia ya kupitisha gari la maji taka au la zimamoto.

Kwa hiyo unapoona kiwanja cha bei nafuu kupita kiasi, jiulize ni kitu gani kimeondolewa kwenye bei hiyo. Mara nyingi ni barabara na upimaji, na hivyo utakuja kuvilipia baadaye, wakati wa urasimishaji. Hapo majirani mnatakiwa kila mmoja akate kipande cha eneo lake ili njia ipatikane, na wengine wameshajenga ukuta.

Angalia pia kipimo. Vijijini watu hupima kwa hatua, na ekari huhesabiwa kuwa hatua sabini kwa sabini. Hatua za mtu mrefu si za mtu mfupi, na kati ya hatua ishirini na mita ishirini kuna upungufu ambao kwa kiwanja kidogo ni chumba kizima. Katika mkataba andika mita, na pande zote nne zitajwe, kila upande na jirani yake.

Karatasi unayoonyeshwa ina uzito gani

Kwa sheria za Tanzania, ardhi yote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Mtu hununua haki ya kuitumia, na uzito wa haki hiyo unategemea hati iliyopo. Kabla ya kuulizia bei, uliza: waraka gani upo?

Hati miliki ndiyo yenye nguvu zaidi. Hutolewa kwa kiwanja kilichopangwa na kupimwa, kwa kipindi cha miaka 33, 66 au 99, na huandikishwa kwa Msajili wa Hati. Kwa Dodoma kuna historia ya pekee: CDA ilitoa hati za miaka 33, na ilipovunjwa ikaelekezwa kwamba wenye hati hizo wapewe za miaka 99. Ukiuziwa kiwanja chenye nyaraka za CDA, usimalize biashara kabla ofisi ya ardhi haijakuthibitishia kwamba kumbukumbu zake zimehamishwa na jina lililomo ni la anayekuuzia. Wapo waliokuja kugundua kwamba kiwanja kimoja kina wamiliki wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Ofa ni barua ya toleo, yaani mtu amepewa kiwanja lakini hati haijakamilika. Ina thamani, ila masharti yake lazima yawe yametimizwa na malipo yote yawe na risiti za serikali. Ofa ya zamani ambayo haikuwahi kulipiwa ni hatari.

Hatimiliki ya haki ya kimila hutolewa kwa ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Utakutana nayo ukivuka mpaka wa jiji kuingia wilaya za Chamwino na Bahi. Huko halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mtu wa nje ya kijiji asiridhike na sahihi ya mwenyekiti na mtendaji pekee. Aombe muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha jina lake, na ajiridhishe kwamba mkutano huo ulifanyika.

Waraka unaozunguka zaidi ni mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wengi huuchukua kama hati, na hapo ndipo machozi huanzia. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa wala kumilikisha ardhi. Muhuri wake unaonyesha tu kwamba alikuwapo, na kwamba watu fulani walipatana mbele yake. Ushahidi huo una faida, lakini hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Ofisi ikikudai asilimia kumi ya bei kwa kugonga muhuri, uliza malipo hayo yamewekwa na sheria au kanuni ipi, na usitoe shilingi bila risiti ya serikali.

Ukaguzi usioruka hata hatua moja

Anza na upekuzi rasmi. Ikiwa kiwanja kina hati, peleka namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu kwenye ofisi ya ardhi, lipia ada kwa namba ya malipo ya serikali, na upate majibu ya maandishi. Majibu yatakueleza mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio lililowekwa na mtu mwingine. Upekuzi fanya wewe au wakili wako. Usikubali majibu yaliyoletwa na dalali, hata kama yana muhuri.

Hatua ya pili ni mchoro wa mipangomiji. Dodoma ina Mpango Kabambe wa mwaka 2019 hadi 2039 unaoonyesha maeneo ya makazi, viwanda, taasisi, kijani na barabara. Nenda ofisi ya mipangomiji ya jiji, au ya halmashauri ya wilaya ikiwa uko nje ya jiji, ukiwa na vipimo vya eneo vilivyochukuliwa kwa kifaa cha mpima. Uliza swali moja wazi: eneo hili limepangiwa matumizi gani? Shamba linaweza kuwa halali kabisa mikononi mwa muuzaji, na bado likawa limepangiwa soko, makaburi au msitu wa jiji. Hakuna kibali cha ujenzi wa nyumba utakachopewa hapo.

Tatu, pima hifadhi. Kwa barabara kuu na za mkoa, sheria inatenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kingo za mito nazo zina hifadhi ya mita 60. Zipo pia hifadhi za reli, njia za umeme mkubwa na mabomba. Kiwanja kinachogusa lami ndicho kinachovutia wanunuzi, na ndicho chenye uwezekano mkubwa zaidi wa kupigwa alama nyekundu ya X.

Nne, kanyaga ardhi yenyewe. Dodoma ni nchi kame, mvua zake huja kwa miezi michache, nyingine kwa kishindo. Eneo unalolitazama Septemba likiwa kavu na tambarare huenda ndilo bonde la maji ya Januari. Tazama udongo. Ukiwa ule mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa kiangazi na kunata masika, msingi utakula fedha nyingi kuliko ulivyopanga. Waulize wakazi maji hupita wapi, bomba la karibu liko umbali gani, na kisima kilichochimbwa jirani kilitoa maji baridi au ya chumvi. Maji ni suala la kufa na kupona Dodoma, na kiwanja kisicho na tumaini la maji hakifai hata kikiwa na hati safi.

Tano, watu. Zungumza na majirani wa pande zote nne bila muuzaji kuwapo. Waulize nani alikuwa akilima hapa miaka kumi iliyopita, na kama kuna ugomvi wa mpaka. Kama mali ni ya marehemu, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya uteuzi lazima uione. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi na mwenza huyo awepo wakati wa kusaini. Mauzo yaliyofanyika kwa kumficha mke yamevunjwa mara nyingi barazani na mahakamani, na mnunuzi ndiye aliyebaki akimtafuta muuzaji aliyekwisha kula fedha.

Siku ya kulipa

Mkataba uandikwe na wakili unayemlipa wewe. Utaje majina kamili, namba za vitambulisho, vipimo, mipaka, bei, namna ya kulipa, na kifungu kinachosema muuzaji atarudisha fedha zote iwapo itabainika hakuwa na haki ya kuuza. Lipa kupitia benki, kwa akaunti yenye jina la muuzaji yule yule aliyemo kwenye mkataba. Dalali anastahili ujira wake kwa makubaliano, lakini asipokee bei ya kiwanja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ardhi daftari ni risiti ya benki, mkataba, picha za mawe ya mipaka na majina ya mashahidi.

Siku hizi wengi hununua kwa awamu kutoka kampuni za viwanja. Utaratibu huu umewasaidia watu wa kipato cha kati, nami siupingi. Lakini kabla ya awamu ya kwanza hakikisha kampuni inamiliki eneo hilo kisheria, au ina mkataba unaoonekana na mwenye eneo. Hakikisha ramani ya upimaji imeidhinishwa na namba ya kiwanja chako imo. Kisha soma kwa makini kipengele cha kuchelewa. Ukikosa miezi miwili, unapoteza kiwanja tu, au na fedha zote? Kampuni ikichelewa kukupa hati, yenyewe inalipa nini? Mkataba unaomwadhibu mnunuzi peke yake urudishe ukarekebishwe.

Kumbuka gharama zinazofuata bei: ushuru wa stempu wa asilimia 1, ada za uhamisho wa milki, na kodi ya asilimia 10 ya faida ambayo ni wajibu wa muuzaji mkazi. Mkubaliane mapema nani analipa nini, kwa sababu uhamisho hukwama mezani pale ambapo kodi ya muuzaji haijalipwa na yeye hapatikani tena kwa simu. Usikubali kuandika bei ya uongo ili kupunguza kodi. Siku ya mgogoro, bei iliyoandikwa ndiyo utakayoweza kuidai.

Kwa mlio nje ya nchi: msitume fedha kwa jamaa "akununulie" bila maandishi. Toeni hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, mkataba uandikwe kwa jina lenu, na wakili atume majibu ya upekuzi kwenu moja kwa moja. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine afahamu kwamba asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania kama raia, kwa hiyo apate ushauri wa wakili kabla ya kitu chochote. Undugu hudumu zaidi pale ambapo maandishi yamewekwa mapema.

Neno kwa mwenye shamba

Sasa nakugeukia wewe unayefuatwa uuze. Shamba lako, hata likiwa tupu, lina thamani. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba haki katika ardhi ina thamani, na kwamba mtu akiondolewa anastahili fidia kamili, ya haki na ya haraka. Asije mtu akakuambia kwamba serikali italichukua bure, hivyo bora umuuzie yeye mapema. Maneno hayo yamewatoa watu kwenye ardhi ya babu zao kwa bei ya pikipiki moja.

Usiuze shamba zima kwa mara moja. Ikiwa unahitaji fedha za ada ya shule au matibabu, uza sehemu, na sehemu hiyo iwe imepimwa. Tafuta mpima aliyesajiliwa, au jiunge na majirani mpime kwa pamoja ili gharama igawanyike. Zipo pia taratibu za ushirikiano ambapo halmashauri au kampuni hupima eneo lako na kuchukua sehemu ya viwanja kama malipo. Hizo zinaweza kukufaa sana, lakini mgawanyo uandikwe kwa namba za viwanja. Asilimia peke yake haitoshi, maana mwenzako anaweza kuchukua vyote vinavyogusa barabara akakuachia vya bondeni. Kiwanja kimoja kilichopimwa mara nyingi huleta fedha ambayo dalali angekupa kwa sehemu kubwa ya shamba, na bado unabaki na vingine.

Kabla ya kukubali bei, tembelea waliouza eneo la jirani na uwaulize walipata kiasi gani. Usimtegemee dalali akuambie, kwa sababu pengo kati ya bei yako na bei ya mnunuzi wa mwisho ndiyo riziki yake. Ishirikishwe familia nzima: mke, watoto wakubwa wa kike na wa kiume. Sheria imempa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Binti yako anayelima Hombolo au Mpunguzi ana neno katika jambo hili sawa na kaka yake aliyehamia mjini.

Ikiwa ni serikali inayotwaa eneo kwa mradi, hakikisha upo siku ya uthamini. Onyesha kila kitu: nyumba, visima, miti, mizabibu, makaburi. Jaza fomu kwa mkono wako au wa mtu unayemwamini, na ubaki na nakala yenye sahihi. Fidia haiishii kwenye thamani ya ardhi na mazao. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea pale panapohusika. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, sheria inatambua riba. Uthamini ukipitiliza miaka miwili bila malipo, unapaswa kurudiwa, kwa sababu bei za jana haziwezi kununua ardhi ya leo.

Na fedha ikiingia, iache benki kwanza. Kata shauri utaishi wapi na utakula nini kabla ya kununua chochote. Shamba lilikuwa likikupa chakula kila mwaka. Fedha hailimwi, na ikiisha hairudi msimu ujao. Wengi waliouza pembezoni mwa miji yetu waliishia kuwa vibarua katika nyumba zilizojengwa juu ya mashamba yao. Hilo linazuilika kabisa iwapo sehemu ya fedha itanunua ardhi nyingine, hata kama ni mbali kidogo, kwa jina lako na la mwenza wako.

Ukishapata, usikiache pori

Wapo wanaonunua viwanja vitano, kumi, wakavifungia wakisubiri bei. Nawasihi wafikiri upya. Mradi wa viwanja 20,000 uliofanyika Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 2000 uliwapa watu wengi makazi yaliyopangwa, lakini viwanja vingi vilikaa miaka bila kujengwa huku wenye shida ya makazi wakisukumwa mbali zaidi. Jiji likiwa na mapengo hivyo, bomba la maji na nguzo za umeme hupita mbele ya vichaka ili kumfikia mkazi mmoja, na gharama hiyo tunailipa wote. Mwalimu na muuguzi wanaishia kupanga Nala au Zuzu wakati katikati kuna maeneo mapana yasiyo na nyumba wala mkulima.

Sheria nayo haiko upande wa mwenye kungoja tu. Hati huja na masharti ya kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na kutoyatimiza kunaweza kuwa sababu ya kufutiwa milki. Kodi ya pango la ardhi hudaiwa kila mwaka, ujenge usijenge. Na mvamizi akiingia, akajenga na kukaa kwa miaka 12 bila wewe kudai, muda wa kufungua kesi ya kurudisha ardhi unaweza kukupita. Kama huna uwezo wa kujenga sasa, weka mawe ya mipaka yanayoonekana, panda miti inayostahimili ukame, lipa pango, na mpe jirani mwaminifu ruhusa ya maandishi ya kulima hapo. Mwenye kiwanja kimoja anachokitunza yuko salama kuliko mwenye kumi asivyovijua vilipo.

Mgogoro ukizuka

Usivunje ukuta wa mtu wala usiajiri vijana. Kusanya nyaraka zako, kisha weka zuio kwa Msajili wa Hati ikiwa kiwanja kimesajiliwa, ili kisiuzwe tena wakati mnabishana. Baraza la kata lina kazi ya kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake Mahakama Kuu. Njia hii ni ndefu na ina gharama, na ndiyo sababu nimetumia kurasa nyingi zaidi kueleza ukaguzi kuliko kesi. Siku chache za kuzunguka ofisi za ardhi kabla ya kulipa zinaokoa miaka ya kuzunguka mabaraza baada ya kulipa.

Dodoma bado ina ardhi ya kutosha kumpa makazi anayehitaji na kumwachia mwenyeji sehemu yake. Dalali akikupigia leo na kusema kuna mteja mwingine anakuja na fedha taslimu mchana, mwambie ampe huyo mteja. Wewe mwombe namba ya kiwanja, jina la mmiliki na wiki mbili za ukaguzi. Muuzaji mwenye haki yake atakupa vyote vitatu, kwa sababu hana cha kuficha. Asiyetaka kukupa amekwisha kukujibu, nawe ondoka na fedha yako mzima. Mwenye shamba naye atumie kipimo hicho hicho: mnunuzi asiyemruhusu kuzungumza na familia, kupima eneo na kuulizia bei kwa majirani hafai kuuziwa, hata akiweka mabunda mezani.